Kuchagua mbwa wa kwanza mkiwa na watoto wadogo

Karibu kila mzazi anayetaka mbwa huanza na swali moja: ni aina gani inayopenda watoto? Swali hilo humpeleka kwenye majina, majina humpeleka kwenye picha, na picha humtoa fedha mfukoni. Mimi ningeanza kwingine. Jiulize nyumba yenu huwaje saa kumi na mbili jioni, mdogo analia, mkubwa anakimbizana na mpira sebuleni, wewe umechoka, na mgeni anabisha hodi. Mbwa mnayemtafuta ni yule atakayeivumilia saa hiyo bila kuogopa na bila kuongeza fujo. Rangi, masikio na ukoo vitafuata baadaye.

Hatua ya 1: Mpateni mwenye mbwa kabla ya mbwa

Mwenye mbwa awe mtu mzima, mmoja, anayejulikana na nyumba nzima. Mbwa wa wote hulala njaa, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshamlisha. Mtoto wa miaka sita atakuapia kwamba atamlisha, atamwogesha na atazoa kinyesi, na siku anayoapa anasema kweli kabisa. Ikifika wiki ya tatu kiapo kimeshasahaulika. Mpeni kazi ndogo inayomfaa, kama kujaza bakuli la maji au kupima chakula mbele ya mkubwa, lakini mambo yapangwe hivi kwamba siku mtoto akiugua au akinuna, mbwa asione tofauti yoyote.

Halafu pigeni hesabu ya miaka. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13. Wenye umbo dogo mara nyingi hufika 15, na wale wakubwa sana kama Great Dane huondoka mapema, mara nyingi kati ya miaka 7 na 10. Mtoto wenu wa miaka minne atakuwa anabalehe mbwa akianza kuota mvi mdomoni.

Saa za siku nazo zihesabiwe. Mbwa mzima wa umbo la kati anahitaji saa moja au zaidi ya kutembezwa na kuchezeshwa kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Mtoto wa mbwa hana nguvu ya kubana mkojo: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia mchana, tena kwa kukadiria. Wa miezi miwili, basi, ni saa tatu tu. Kama nyumba hubaki tupu kuanzia asubuhi hadi jioni, jibu la mtoto wa mbwa mmeshalipata hapo.

Na kama mdogo wenu bado anatambaa? Subirini. Anayetambaa uso wake uko sambamba na uso wa mbwa, hushika chochote alichofikia, na hajui kwamba mbwa aliyekakamaa anamwambia aondoke. Mimi hupenda mdogo wa nyumba awe ametimiza angalau miaka minne. Hiyo si sheria ya popote, ni maoni yangu, ila nimeona wazazi wengi wakitamani wangesubiri na sijakutana na aliyejuta kusubiri.

Jambo la mwisho hapa ni pumu na mzio. Pelekeni watoto wakae na mbwa wa ndugu au rafiki kwa saa kadhaa, zaidi ya mara moja, kabla hamjaamua. Msidanganywe na maneno kwamba kuna aina isiyoleta mzio. Poodle hudondosha manyoya machache, kweli, lakini kinachosumbua ni protini zilizomo kwenye mate na kwenye ukoko wa ngozi, na hivyo kila mbwa anavyo.

Hatua ya 2: Amueni umri wake

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Familia inayofuga kwa mara ya kwanza, yenye watoto wadogo, mara nyingi ingefaa ichukue mbwa mzima wa miaka miwili hadi sita, tena aliyekwisha kuishi na watoto.

Watu hunijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini mkunjaji ni nani? Mtoto wa mbwa ana meno 28 yaliyochongoka kama sindano, na huyatumia kwa kila kinachotembea, kuanzia pindo la suruali hadi kidole cha mguu na nywele za mtoto aliyelala zuliani. Hana ubaya, ndivyo anavyocheza na ndugu zake. Mtoto wa binadamu aking'atwa hupiga kelele na kukimbia, na kelele pamoja na mbio ni mchezo mtamu zaidi ya wote, kwa hiyo mbwa hukazana. Kisha meno hayo hung'oka na mengine 42 kuota, kazi inayoanza karibu na mwezi wa nne na kuisha mwezi wa sita au wa saba, na muda huo wote anatafuna viatu, miguu ya meza na wanasesere. Meno yakitulia unaingia ujana wake, ambapo kila ulichomfundisha anajifanya hakumbuki. Ni kama kuongeza mtoto mwingine mchanga nyumbani, ila huyu anakimbia.

Mbwa mzima unamwona alivyo. Ukubwa wake ndio huo na sauti yake ndiyo hiyo, na kama anaogopa watoto utajua siku hiyohiyo. Atawapenda, msihofu; mbwa hujenga mapenzi mapya hata akiwa mzee.

Mkishikilia kuchukua mtoto wa mbwa, basi mambo matatu. Asichukuliwe kabla ya wiki nane, kwa kuwa kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kwamba akiuma kwa nguvu mchezo unakufa. Pili, kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya 12 au 14, ubongo wake unakuwa wazi kupokea mambo mapya: asipokutana na watoto, magari, sauti za vyombo na watu wa kila namna katika kipindi hicho, mengi ya hayo yatamtisha maisha yake yote. Ukichukua wa wiki nane, nusu ya kipindi imeshapita mikononi mwa mtu mwingine, na ndiyo maana ni lazima ujue alilelewa wapi. Tatu, msichukue wawili wa tumbo moja ili "wasijisikie wapweke". Watashikamana wao kwa wao na nyinyi mtabaki wapangaji.

Hatua ya 3: Angalieni kazi aliyozaliwa nayo

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, na ukaonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Jina la aina, basi, halikupi dhamana ya upole. Kinachofuata aina kwa uhakika zaidi ni umbo, manyoya na magonjwa, na kwa kiasi fulani ile hamu ya kazi ambayo mababu zake walichaguliwa kuifanya.

Labrador na Golden Retriever husifiwa kuliko wote, na sifa hizo hazikutoka hewani. Walifugwa kumwokotea mwindaji ndege bila kuwaharibu, kwa hiyo wengi wana mdomo laini na hamu ya kupendeza watu. Ila Labrador mzima ni kilo 25 hadi 36 za furaha, mkia wake unafagia meza, na akimrukia mtoto wa miaka mitatu kwa kumsalimu, mtoto yuko chini. Anakula kupita kiasi ukimwachia, na nyonga zake huweza kuharibika. Asipotembezwa vya kutosha hujitafutia kazi yake mwenyewe, na hutaipenda.

Mbwa wa kuchunga, kama Border Collie, wana akili ya kutisha. Watoto wanaokimbia uwanjani kwao ni kondoo waliotawanyika, na kondoo hukusanywa kwa kudonolewa visigino. Mbwa wa jamii ya terrier, kama Jack Russell, ni wachangamfu, wachimbaji, wepesi wa kuwaka, na wengi hawana subira na mikono inayoshikashika. Beagle ni mchangamfu na mwenye umbo la kubebeka, kilo kama 10 hivi, lakini pua yake ndiyo bosi: akinusa njia ya sungura, jina lake analisahau, na geti lililoachwa wazi na mtoto ndilo atakalopitia.

Wazazi wengi hudhani mbwa mdogo ndiye anayemfaa mtoto mdogo. Mara nyingi ni kinyume. Chihuahua ana uzito usiofika kilo tatu. Mtoto akimwangusha kutoka kwenye kochi anaweza kumvunja mguu, na mbwa anayejua kwamba anavunjika hujilinda kwa meno. Cavalier King Charles ni mdogo na mpole kweli, lakini aina hiyo inasumbuliwa sana na ugonjwa wa valvu za moyo. Pug na Bulldog hupendwa na watoto kwa sura zao, na pua hizohizo zilizobonyea ndizo zinazowafanya wahangaike kuvuta pumzi, hasa kwenye joto. Ukinunua sura hiyo umenunua na daktari.

Kuna pia wazazi wanaotaka mbwa mmoja afanye kazi mbili: mchana awe mchezo wa watoto, usiku amkamate mwizi. Kwa mfugaji wa mara ya kwanza ningesema chagueni moja. Mbwa aliyefundishwa kumshuku kila mgeni hawezi kujua kwamba rafiki wa mtoto wako anayemsukuma kwa utani hana nia mbaya. Kwa nyumba nyingi mbwa anayebweka mlangoni anatosha. Si lazima awe tayari kuuma.

Na msimdharau mbwa chotara asiye na ukoo unaotajika. Katika nyumba za watoto nimekutana na wengi wa namna hiyo waliokuwa watulivu kuliko wenye vyeti.

Kuhusu dume au jike, msijisumbue sana. Jike asiyefungwa uzazi huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na madume yatapiga kambi nje. Dume asiyehasiwa hupenda zaidi kutoroka na kutia mkojo mahali pasipostahili. Ongeeni na daktari wa mifugo kuhusu umri wa kuwafunga uzazi au kuwahasi, maana unategemea umbo la mbwa.

Hatua ya 4: Nendeni mkamwone, kwanza bila watoto

Ukienda na watoto mara ya kwanza, umeshanunua. Watampenda wa kwanza aliyewalamba, watampa jina ndani ya dakika tano, na wewe utaona aibu kurudi mikono mitupu. Nenda peke yako au na mwenzako.

Kama ni mtoto wa mbwa, mwombe mwenyeji akuonyeshe mama. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mama mwenye hofu hurithisha hofu kwa damu na pia kwa mfano. Mama anayekuja kukunusa huku mwili umelegea ni habari njema. Akifichwa, au ukiambiwa "yuko kwingine leo", au ukiombwa mkutane barabarani ukabidhiwe mbwa hapo, achana na biashara hiyo. Angalia pia walikolelewa: waliokulia ndani, kwenye sauti za sufuria na za watu, wako mbele sana kuliko waliokulia bandani nyuma ya ukuta.

Kaa chini, nyamaza, tazama. Yuko anayewakanyaga wenzake wote ili akufikie, na yuko aliyejibanza pembeni. Mwache huyu na mwache yule. Mchukue wa katikati, anayekuja bila haraka, ananusa, anaondoka, anarudi. Mimi safari ya kwanza nilimbeba aliyejibanza, kwa huruma. Angekuwa mbwa mwema kabisa kwa wazee wawili wa kimya. Kwetu, kila kikombe kilichoanguka kilimtupa chini ya kitanda, na siku mtoto alipomfuata huko chini ndipo aliponguruma.

Sasa dondosha funguo sakafuni, hatua chache kutoka alipo. Kushtuka si kosa. Unachotafuta ni baada ya kushtuka: je, anarudi kunusa hizo funguo, au bado anatetemeka dakika mbili baadaye? Mshike kidogo masikio, makucha na mkia, kama mtoto atakavyomshika, ila kwa upole. Mpapase kifuani kwa sekunde tatu, kisha ondoa mkono. Akisogea akitaka tena, amekubali. Akigeuza kichwa, akajilamba pua au akaondoka, amekujibu pia.

Kwa mbwa mzima, maswali yana thamani kuliko majaribio, mradi uyaulize vizuri. Ukiuliza "ni mpole?" kila mtu atasema ni mpole. Uliza: mara ya mwisho alinguruma lini, na nini kilikuwa kinatokea? Mtu akimsogelea akila, anafanya nini? Ameishi na watoto wa umri gani, na kwa muda gani? Kwa nini anatolewa? Mtu anayesema hajawahi kunguruma hata siku moja, ama hakumwangalia au hataki kusema. Anayekwambia "aliwahi kunguruma mtoto alipomwangukia akiwa usingizini, kisha akaondoka" amekupa habari nzuri mno.

Safari ya pili ndipo uwalete watoto. Wakae, wasimkimbilie, wamwache mbwa aje mwenyewe. Wewe usiwatazame watoto, mtazame mbwa. Unamtaka yule anayewaendea kwa hiari, mwili ukipindapinda, mkia chini kidogo au katikati na ukicheza na kiuno chote. Anayewavumilia tu hatoshi, kwa maana uvumilivu una mwisho.

Hatua ya 5: Apite kwa daktari wa mifugo

Ikiwezekana, malipo ya mwisho yafanyike baada ya kupimwa. Mbwa mwenye afya ana macho makavu, fizi za waridi, ngozi isiyo na magamba. Tumbo lililovimba kwa mtoto wa mbwa, mara nyingi ni minyoo. Kwa Labrador, Golden na German Shepherd, uliza kama nyonga za wazazi zilipigwa picha ya eksirei.

Dai kadi ya chanjo. Chanjo dhidi ya distemper na parvo, magonjwa ya virusi ya mbwa, na dhidi ya homa ya ini huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na kurudiwa hadi karibu wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa anapofika miezi mitatu, kisha baada ya mwaka, na hii usiruhusu ichelewe hata kidogo: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali.

Minyoo ya mviringo, watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo, kutoka tumboni mwa mama. Dawa huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi aachishwe kunyonya, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili hivi au zaidi kwenye udongo kabla hayajaweza kumwambukiza mtoto anayechezea mchanga. Kwa hiyo zoa kinyesi kila siku na umeikata njia hiyo.

Hatua ya 6: Tengenezeni nyumba kabla hajaingia

Mbwa apate mahali pake ambapo mtoto haingii: kona yenye kizuizi, au kitanda chake nyuma ya geti dogo la mlangoni. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na akiamshwaamshwa anakuwa kama mtoto mchanga aliyekosa usingizi, tofauti ni kwamba huyu anauma.

Sheria za watoto ziwe chache, na zirudiwe mpaka zichoshe. Haguswi akila, akilala, au akiwa mahali pake. Hakumbatiwi shingoni wala kupandwa mgongoni. Akiondoka, hafuatwi. Sheria ya wazazi ni moja: mtoto mdogo na mbwa hawaachwi peke yao chumbani, hata dakika ya kufungua mlango. Watoto wadogo mara nyingi huumwa na mbwa wanaowajua, nyumbani, na huumwa usoni kwa sababu ya kimo chao.

Jifunzeni kumsoma. Kabla ya kuuma huwa ameshasema mengi: amepiga miayo bila usingizi, amejilamba pua, amegeuza uso huku jicho likionyesha weupe kama mwezi mwandamo, amekakamaa. Kunguruma ni neno la karibu na la mwisho. Msimchape kwa kunguruma. Ukimchapa unamfundisha kunyamaza, hujamfundisha kutulia, na siku nyingine ataruka onyo aende kwenye meno. Mwondoe mtoto, kisha tafuta kilichomkera. Ule msemo kwamba mbwa abwekaye haumi, usiulee mtoto wako nao.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ya mwanzo

Wanaopokea mbwa wazima hutumia kipimo cha siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za mwanzo anaweza asile na akajificha. Mwacheni, na wageni wasije "kumwona mbwa". Wiki ya tatu anaanza kujua ratiba, na tabia zake halisi, nzuri na mbaya, zinajitokeza. Mwezi wa tatu ndipo unajua umechukua mbwa gani. Andika kila anaponguruma: saa ngapi, nani alikuwapo, nini kilitokea kabla. Mara nyingi orodha hiyo inaonyesha jambo moja tu, mfano mtoto kupita karibu na bakuli, na hilo linarekebishika kwa kuhamisha bakuli.

Tangu siku ya kuchukua, kubalianeni na mwenyeji kwa maandishi kwamba mnaweza kumrudisha. Watoto wakianza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe, au mbwa akishinda amejificha, usingoje ajali ili upate ruhusa ya kuamua. Na mkimrudisha, mwambieni mpokeaji yote bila kuficha: alimngurumia nani, wapi, nani alikuwa anafanya nini. Kwa habari hiyo atapatiwa nyumba isiyo na watoto, na mbwa huyohuyo atalala sebuleni humo mchana kutwa bila wasiwasi.